Alivaa Nini Mara ya Mwisho

"Hivi jirani, siku anaondoka alivaa nini?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, fundi cherehani, mwezi mmoja baada ya mwanangu wa mwisho kuondoka na kuwa kimya. Tulikuwa tunaanua nguo uani. Nikamwambia sikumbuki. Akatoa kibanio mdomoni, akanitazama.

"Mama mzazi mzima, hukumbuki?"

Nikakusanya nguo zangu zikiwa na unyevunyevu, nikaingia ndani.

Kusema kweli sikuwa nimesahau. Sikuona. Asubuhi ile nilikuwa katikati ya sala, nimeugeuzia mlango mgongo, midomo inatembea. Akasema, "Mama, natoka." Nikainua mkono tu, maana yake nenda salama. Tulimwita Chapuchapu, kwa sababu hata kuzaliwa alizaliwa mkunga hajavua viatu. Nilidhani nikimaliza nitamkuta kizingitini anafunga kamba za viatu. Nilipomaliza hakuwapo. Miaka sita sasa. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo swali lile lilibaki kwangu peke yangu.

Mimi nafanya usafi katika ofisi moja ya ghorofa ya pili. Vyumba vinne, ngazi ishirini na mbili, vikombe visivyopungua kumi na tano kwa siku. Nilifanya kazi pale mwaka mzima bila kujua hasa wanafanya nini. Nilijua ni watu wa kompyuta na chai nyingi. Mabango yao ukutani yaliandikwa kwa lugha nisiyoisoma, na mimi si mtu wa kuuliza mambo ya watu.

Siku moja yule binti anayetengeneza kurasa zao, mwenye miwani mikubwa, alinikuta nasoma kipande cha gazeti kilichofungia vikombe vipya.

"Mama, kumbe unasoma?"

"Nasoma. Shule ya msingi nilimaliza."

"Na kompyuta je?"

"Kompyuta naifuta vumbi."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Basi wewe ndiye tunayekuhitaji! Tunataka mtu anayesoma vizuri lakini hajui kitu."

Nilijua hakukusudia kunitukana.

Akanieleza. Ofisi ile inatafuta watu waliopoteana na ndugu zao. Mwenye kutafuta anafungua ukurasa kwenye simu au kompyuta, anajaza fomu, nao wanalinganisha na majina waliyonayo kutoka kila mahali. Ukurasa ulikuwa unatayarishwa kwa lugha tisa, na ya kwetu ilikuwa imefasiriwa na mtu wa mbali, aliyetumiwa orodha ya maneno matupu bila kuona kila neno litakaa juu ya kisanduku gani. Maneno hayo ya juu ya visanduku wao wanayaita lebo. Kazi yangu ingekuwa kukaa saa moja kila siku baada ya chakula cha mchana, kusoma lebo, kujaza fomu toka juu hadi chini, na kusema nikikwama. Mkuu wa ofisi alikubali.

Aliposema "waliopoteana na ndugu zao" nilikuwa nimeshika beseni la vikombe. Nikaliweka chini polepole. Sikumwambia kitu. Mtu akikuambia kwa furaha jambo ambalo umeliomba miaka sita, huwezi kujua useme nini.

Siku ya kwanza niliona nimesahau kusoma. Ukurasa ulijaa maneno marefu ajabu, herufi zimevishwa kofia na mikia, neno moja limevutwa kama mpira wa suruali. Nikavua miwani yangu, nikaifuta, nikavaa tena.

"Binti yangu, hii ni lugha ya wapi?"

"Si lugha ya mtu yeyote, mama! Tunaivuta makusudi, tuone kama kisanduku kitatosha. Wengine maneno yao ni marefu. Ngoja nikuwekee ya kwenu."

Akabonyeza, maneno yakawa maneno. Nikashusha pumzi. Lakini juu kabisa ya ukurasa palibaki utepe wa manjano, wenye mstari wa ile lugha ya mabango.

"Na hili la juu?"

"Hilo achana nalo. Hilo ni letu sisi."

Nikadhani ni jina la ofisi.

Tulianza. Palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Uhusiano wako na anayetafutwa," ukikibonyeza kinashusha orodha: mzazi, mtoto, ndugu, mume au mke, mwingine.

"Mama mdogo yuko wapi?" nikauliza.

"Atabonyeza 'mwingine'."

"Mama mdogo aliyekulea hawezi kuwa mwingine. Na mjomba? Na wifi?"

Akakuna kichwa kwa kalamu. "Mama, wenzenu wa lugha nyingine hawajasema hivyo."

"Labda wao hawajapotelewa na mjomba."

Akaongeza. Tena palikuwa na kisanduku cha jina la utani. Nikamwambia utani ni wa marafiki. Mtoto anaweza kuwa na jina la kwenye cheti na jina ambalo ukiliita barabarani ndilo atakalogeukia. Akafikiri, akaandika upya: "Jina analoitwa nyumbani." Nilifurahi kuliona pale. Nilikaa nikiliangalia mpaka akaniuliza kama nimekwama.

"Sasa jaza, mama. Jaza chochote."

"Chochote ni nini?"

"Chochote tu! Sisi wenzako tunaandika upuuzi. Ona." Akanionyesha alichoandika mwenzake wa meza ya pili: Bwana Sufuria, mtoto wa Bibi Mfuniko, mara ya mwisho alionekana jikoni.

Mimi sikulelewa hivyo. Karatasi inayouliza jina la mtu aliyepotea, nikaiandikie uongo? Na huku ninaye wangu? Nikaandika majina ya mwanangu, yote matatu. Jina analoitwa nyumbani: Chapuchapu. Mwaka wa kuzaliwa. Kovu juu ya nyusi ya kushoto. Mtu wa kuwasiliana naye: mimi. Niliandika kwa kidole kimoja, na jasho lilinitoka.

Nikafika kwenye kisanduku cha mwisho. "Alivaa nini mara ya mwisho alipoonekana."

Nikakiacha wazi, nikabonyeza "Tuma." Ukurasa ukanikatalia kwa maandishi mekundu: sehemu hii ni lazima.

"Weka hata nukta tu, mama," akasema Binti bila kuinua macho. "Kinachotakiwa kisiwe kitupu."

Nukta si nguo. Nikamwambia nitajaza kesho.

Jioni nikabisha kwa jirani. Alikuwa kwenye cherehani yake, miguu inakanyaga, kitambaa cha mtu kinapita chini ya sindano.

"Jirani, siku anaondoka, alivaa nini?"

Miguu ikasimama. "Sasa ndiyo unaniuliza? Miaka sita?"

"Ndiyo sasa."

"Shati la kijivu la mikono mifupi," akasema papo hapo, kana kwamba alikuwa amelikunja kwenye rafu ya karibu. "Alipita hapa kifungo cha tatu kimekatika, sikuwa na cha kijivu, nikamtia cheupe. Nikamwambia mpuuzi wewe, subiri nikutafutie kinachofanana. Akasema, 'Fundi, nitachelewa.' Uzi wa mwisho nimeukata kwa meno, yeye yuko mbioni." Akaanza tena kukanyaga. "Ulivyonyamaza siku ile nilijua umenichukia. Nilitaka tu kukuambia."

Kwa hiyo kesho yake nikajaza: shati la kijivu, mikono mifupi, kifungo cha tatu kutoka juu ni cheupe. Nikabonyeza. Ukurasa ukaandika "Asante, tumepokea." Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, nikaosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Siku iliyofuata visanduku vyote vilikuwa vitupu.

"Tumebadilisha lebo mbili," akasema Binti. "Jaza tena, mama."

Nikajaza tena. Siku ya tatu vitupu, nikajaza. Nikashangaa kidogo, lakini si sana. Mimi ombi langu nimelisema kila alfajiri kwa miaka sita, na kila alfajiri nalianza mwanzo kana kwamba sijawahi kulisema. Nikaona na hawa wana utaratibu kama huo, wanataka kujua kama mtu bado anatafuta kweli. Nilijaza mara kumi na moja. Kidole kikazoea njia.

Mwishoni Binti akaniambia lebo za fomu zimekwisha. Sasa yamebaki maneno matatu ya kuonyesha hali ya mtu. Tukayachagua pamoja: Anatafutwa, Amepatikana, Amefariki. Lile la tatu nilimsaidia kuliandika bila kulisoma kwa sauti.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema kama kawaida, kabla ya mtu yeyote. Kompyuta ya Binti ilikuwa haijazimwa. Nilipopitisha kitambaa mezani nikagusa kile kidude cha kushikia mkononi, kioo kikawaka. Orodha ya majina. La nne lilikuwa la mwanangu, majina yote matatu, Chapuchapu pembeni, na mbele yake ndani ya kisanduku cha kijani: Amepatikana.

Nikasoma mara ya pili. Nikasoma na waliomzunguka, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakikisha. Bwana Sufuria, amepatikana. Nikasema, kumbe haukuwa upuuzi, hata huyu ana watu wake. Labda ndilo jina analoitwa nyumbani. Watu wote wa ile orodha walikuwa wamepatikana. Nikakaa sakafuni pale pale, kati ya kiti na ndoo, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mkuu wa ofisi alipofika nikamuuliza Binti yuko wapi. Kaenda semina, siku mbili. "Mambo ya ukurasa msubiri yeye, mama, mimi hata kuuzima siwezi." Nikasubiri. Nilikuwa na nadhiri ya zamani kwamba siku nitakayopata habari ya mtoto nitafunga siku tatu za shukrani. Nikaanza kufunga siku ile ile.

Nilikusudia nisimwambie mtu. Nilipofika nyumbani jirani alinitazama usoni mara moja tu.

"Wewe una nini?"

"Amepatikana."

Mkasi ukamwanguka. "Wapi?"

"Hawajaandika wapi."

"Nani kamwona? Mzima? Kasema nini?"

"Wameandika amepatikana. Kwa kijani."

Akaniangalia kwa kuchanganyikiwa, nami nikamwangalia hivyo hivyo. Kisha akainuka, akavuta daftari lake la vipimo lililochakaa pembe, akafunua nyuma, nyuma zaidi, mpaka kwenye ukurasa wa miaka ile. "Mabega nitamwongezea inchi mbili. Mwanamume hakai miaka sita na mabega yale yale." Akatandika kitambaa cha kijivu mezani. Usiku ule na kesho yake, nikiwa na swaumu yangu, nilisikia cherehani yake kupitia ukutani, na kila iliponyamaza nilijiuliza: amepatikana, mbona hajapiga simu? Namba ni ile ile. Labda kapoteza namba. Labda yuko mahali ambapo simu haziruhusiwi. Nilijipa majibu, hakuna hata moja lililokaa.

Siku ya tatu tulikwenda wote wawili. Jirani alibeba shati kwenye mfuko, limebaki kutiwa kola. "Wakisema yuko karibu tunakwenda moja kwa moja," alisema ngazini. "Kola nitaitia njiani kwa mkono."

Binti alikuwa anatoa vitu vyake mkobani. "Mama! Umeniletea mgeni?"

"Huyu ni jirani yangu. Binti yangu, mwanangu yuko wapi?"

"Mwanao yupi?"

Nikamwonyesha kwenye kioo, safu ya nne. Akasogeza miwani, akasoma. Akanigeukia.

"Huyu? Huyu si uliyekuwa unajazia tu?"

"Nilijaza."

"Ni mtu wa kweli?"

"Ningejaza nani tena?"

Akakaa. Akasoma tena, sasa polepole, nikaona macho yake yanapita kwenye kovu, kwenye nyusi, kwenye kifungo. Nikagundua kwamba alikuwa anayasoma kwa mara ya kwanza.

"Mama," akasema. "Hili neno la kijani niliweka mimi."

"Nani alikupa habari?"

"Hakuna habari. Niliwawekea wote. Yale maneno matatu, hili ndilo refu kuliko mengine. Nilitaka nione kama litaenea kwenye kisanduku. Likienea hili, yale mawili yataenea."

Sikumwelewa. Nilisikia kila neno na nililijua kila neno, lakini sikumwelewa. Nikamuuliza, "Kwa hiyo hajapatikana, au amepatikana lakini hamjui wapi?"

"Hajapatikana, mama. Hata kutafutwa hajatafutwa. Huu ni ukurasa wa majaribio, hauendi popote. Kila tukibadilisha lebo tunafuta kila kitu."

"Subiri," jirani akasema. "Yaani umempata mtoto wa watu kwa herufi tu?"

Binti akausukuma mkoba pembeni.

"Na huyu angejuaje kwamba ni majaribio?" jirani akauliza.

Binti akanyoosha kidole juu ya ukurasa, kwenye ule utepe wa manjano. "Imeandikwa pale."

"Imeandikwa nini?"

Akasoma kwa lugha ile, kisha akatufasiria, na sauti yake ilikuwa ndogo: "Ukurasa wa majaribio. Usiweke habari za kweli."

"Mmefasiri kila kitu," jirani akasema, "mpaka mjomba, mpaka wifi. Hilo ndilo mkaona mliache?"

"Halikuwa kwenye orodha ya lebo. Watu wa nje hawalioni. Ni la wafanyakazi."

"Na huyu si mfanyakazi?"

Nilimwonea huruma yule binti. Hakuwa na ubaya, alikuwa akiangalia visanduku. Na mimi niliuliza kuhusu utepe ule siku ya kwanza, nikaambiwa niachane nao, nikaachana nao. Aliniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema nimefunga. Akauliza mfungo wa nini, jirani akatazama dirishani.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Siku mbili nilikuwa nimeshukuru. Shukrani hizo zilikuwa za nini? Nimwombe Mungu radhi, nimwambie nilikosea, anirudishie? Au anajua mwenyewe za nini, azitunze? Na hii siku ya tatu, niimalize au nile? Nikaamua niimalize, kwa kuwa nilikwisha kuianza na sikujua la kufanya jingine.

"Ule wa kweli umekwisha kufunguliwa?" nikauliza.

"Ulifunguliwa juzi."

"Nipe kiti."

Binti alitaka kunijazia. Nikamwambia hapana. Akafungua ukurasa mwingine, unaofanana na ule kwa kila kitu, visanduku vile vile, maneno yale yale niliyoyasumbukia. Niliangalia juu kabla ya kugusa kitu. Hapakuwa na utepe. Nikamuuliza mara mbili kama ana hakika, naye mara zote mbili akasema ana hakika, na mara ya pili alitoa miwani akajifuta macho.

Nikajaza. Kidole kilijua njia. Nilipofika kwenye alivaa nini, jirani akainama begani kwangu akasoma kwa sauti huku naandika, shati la kijivu, mikono mifupi, kifungo cha tatu. "Andika nimekishona kwa msalaba," akasema. "Wengine hushona mistari miwili. Andika." Nikaandika.

Nikabonyeza "Tuma." Ukurasa ukafikiri kidogo, ukaleta jina la mwanangu peke yake, na mbele yake kisanduku cha buluu: Anatafutwa.

"Sasa ndiyo kweli, mama," Binti akasema. "Hili halifutwi."

Tulilitazama sote watatu. Lilikuwa limeenea vizuri, na nafasi kidogo ikabaki kila upande. Nilitafuta moyoni kama nina huzuni au nina furaha, sikuona kilicho wazi. Jana alikuwa amepatikana. Leo ndiyo kwanza ameanza kutafutwa.

Jirani alikuwa ameshika mfuko kifuani. Akautazama, akanitazama mimi.

"Sasa hili shati," akasema, "niendelee nalo au niliache?"

Binti akainamisha kichwa. Nikanyoosha mkono, akanipa mfuko. Nikalitoa shati, nikapitisha kidole kwenye vifungo toka juu. Cha kwanza kijivu. Cha pili kijivu. Cha tatu alikuwa ametia kijivu vilevile. Siku hizi vipo.

"Hiki kitoe," nikasema. "Tia cheupe. Halafu utie kola."

Akalipokea, akalikunja vizuri kama nguo ya mteja aliyekwisha kuja kuichukua, akalirudisha mfukoni, akatoka.